Anayebaki kilimani hajavunja kanuni yoyote

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika toleo lenu lililopita barua ya msomaji mwenzangu wa hapa Lubumbashi, anayewalalamikia wachezaji wa vita vya mezani ambao hupanga askari wao juu ya kilima tangu mwanzo wa mchezo na kukataa kushuka hadi mwisho. Anawaita waoga, anasema wanatuharibia Jumamosi zetu, na anapendekeza kanuni mpya: mchezaji ambaye kufikia zamu ya nne hajasogeza mbele nusu ya vikosi vyake akatwe alama. Kwa kuwa pendekezo hilo litapigiwa kura hivi karibuni katika kundi letu, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaofungwa mara kwa mara na watu wa kilimani, naomba nafasi katika gazeti lenu nieleze kwa nini nitalipinga.

Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo wenyewe, niseme kwa ufupi. Watu wawili hukaa pande mbili za meza yenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120, iliyotandikwa kitambaa cha kijani, ambayo juu yake hupangwa vilima, mito, misitu na nyumba ndogo. Kila mmoja ana jeshi la vijisanamu vilivyopakwa rangi kwa kufuata mavazi na silaha za zama fulani za historia. Vile vya plastiki au vya chuma vinavyoagizwa kutoka nje huwa na kimo cha milimita 28 au 15, na bei yake si ya kila mfuko, ndiyo maana wengi wetu hutengeneza vyetu kwa waya wa shaba, karatasi na gundi. Shaba, angalau, Katanga haijawahi kuikosa. Mwendo hupimwa kwa rula, na mapigano huamuliwa kwa dadu na jedwali la kanuni. Maafisa wa jeshi la Prussia, dola ya Wajerumani ya zama hizo, walikuwa wakijifunzia kazi yao kwa mchezo wa jamii hii tangu mwaka 1824, wakitumia ramani badala ya kitambaa. Sisi tunacheza vita vya zamani tu. Vita ambavyo watu wa nchi yetu bado wanazika wafu wake hatuviweki mezani.

Msomaji mwenzangu anasema kwamba kumshambulia mtu aliyejipanga kilimani ni kujiua. Katika hilo hajakosea, na hesabu yenyewe inamuunga mkono. Katika kanuni tunazotumia, vikosi viwili vya askari wa miguu vinapokutana, kila mchezaji hutupa dadu moja na kuongeza nguvu ya kikosi chake. Tuseme kila kikosi kina nguvu 4. Anayesimama juu ya mteremko huongezewa 1, na anayesimama bega kwa bega na wenziwe wenye mikuki na ngao huongezewa 1 nyingine, hivyo mlinzi anaanza na 6 na mshambulizi na 4. Dadu mbili zina matokeo 36 yanayowezekana. Ukiyapitia yote utakuta kwamba mshambulizi anashinda katika 6 tu, wanatoka sare katika 4, na katika 26 yaliyobaki mshambulizi anasukumwa nyuma au anaangamizwa. Mtoe mlinzi kilimani, hata kama wenziwe bado wako pembeni yake, na mshambulizi atashinda katika matokeo 10. Mtenge na wenziwe pia, na nguvu zitalingana, 15 kwa 15. Kisha, wakati unapambana naye uso kwa uso, kikosi chako cha pili kikimgusa ubavuni, kanuni humpunguzia 1, nawe sasa unashinda katika matokeo 21.

Kazi yote ya mshambulizi ni kutoka kwenye 6 hadi kufika kwenye 21, na mtu anayejihami vizuri ni mtu aliyeielewa hesabu hiyo kabla yako na ambaye hana nia ya kukusaidia. Mpinzani wangu mgumu kuliko wote ni mwalimu mstaafu wa historia ambaye sisi sote humwita Papa. Huipanga safu yake kwa kuisukuma taratibu kwa ubapa wa rula mpaka vijisanamu vigusane, kisha hushusha kichwa hadi usawa wa meza, jicho moja amelifumba, akatafuta kama kuna upenyo kati ya ngao na ngao. Akiona mwanya wa milimita mbili, huuziba. Baada ya hapo huziweka dadu zake ndani ya kifuniko cha kopo la rangi, hukunja mikono, na zamu yake inapofika husema tu, "Sisogei, mwanangu," akanirudishia meza. Naelewa kabisa kwa nini kijana aliyetoka Katuba kwa miguu na jeshi lake ndani ya boksi la viatu, akitamani kuona wapanda farasi wake wakikimbia, hukasirishwa na sentensi hiyo.

Lakini je, ni woga? Vita ambavyo Papa hupenda kuvirudia ni vile vya Hastings, vilivyopiganwa kusini mwa Uingereza tarehe 14 Oktoba 1066. Mfalme Harold alikuwa ametoka kuwashinda Wanorwe huko Stamford Bridge, karibu na mji wa York, tarehe 25 Septemba. Siku tatu baadaye William, mtawala wa Normandy kaskazini mwa Ufaransa, akateremka pwani ya kusini, huko Pevensey, na Harold akalazimika kuivuka nchi karibu nzima kwenda kumkabili. Alipofika aliwapanga watu wake kwa miguu juu ya mgongo wa kilima, ngao kwa ngao, akangoja. Hakuwa na wapiga mishale wengi wala hakuwa na wapanda farasi wa kupigana nao, hivyo kushuka bondeni kukutana na farasi wa Wanormani kungekuwa wazimu. Mapigano yalianza asubuhi yapata saa tatu na hayakwisha hadi giza lilipokaribia, jambo ambalo kwa vita vya zama zile si la kawaida, na sababu ya urefu huo ni kwamba ukuta wa ngao ulikataa kuvunjika. Anayemwita Harold mwoga kwa kutoshuka kilimani hajasoma ramani ya mahali pale.

Isitoshe, Harold angeweza kuendelea kungoja na William hakuweza. Harold alikuwa nchini mwake, na kila siku iliyopita ingeweza kumletea watu zaidi. William alikuwa na jeshi lililovuka bahari, ambalo lilipaswa kula, na ambalo nyuma yake kulikuwa na maji matupu. Haraka ilikuwa ya William. Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji mwenzangu, kwa maana yeye anaulizia ujasiri wa mlinzi, nami ninauliza swali jingine: katika mchezo huu, nani ana haraka, na kwa nini? Majeshi mawili yenye thamani sawa yakiwekwa kwenye meza isiyo na kijiji cha kutekwa, wala daraja, wala giza linaloingia, basi hakuna yeyote mwenye sababu ya kutoka alipo, na mwenye akili atabaki kilimani. Aliyekosea ni aliyeandaa mchezo, na mara nyingi waandaaji tumekuwa sisi wote, kwa uvivu wa kutandika kitambaa na kuanza kutupa dadu mara moja.

Kanuni ya zamu ya nne ingeleta madhara ambayo nadhani mwenye pendekezo hakuyapima. Majeshi ya mikuki na ngao, ambayo nguvu yake yote iko katika kusimama pamoja, yangegeuka kuwa chambo, kwa sababu safu inayolazimishwa kusonga mbele kwenye ardhi yenye vichaka hukatika vipande vipande hata kabla ya kumwona adui. Wenye wapanda farasi wangekaa na kungoja zamu ya nne ifike, ukuta ushuke wenyewe bondeni. Tungekuwa tumemhamisha mtu wa kungoja kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, na historia tungekuwa tumeifuta.

Wala si kweli kwamba mtu wa kilimani hashindiki. Anayeshindika kirahisi ni yule anayemwendea kwa safu moja ndefu, kila kikosi kikipanda kumkabili kikosi kilicho mbele yake, kwa sababu huko ni kujirudisha kwenye yale matokeo 6 kati ya 36 katika kila pambano la mstari mzima. Mshambulizi mwenye subira huchagua sehemu moja, kwa kawaida mwisho wa safu, mahali ambapo kikosi cha pembeni kina jirani upande mmoja tu, akakusanya hapo theluthi mbili za nguvu zake, huku sehemu iliyobaki ikisimama mbali, nje ya masafa ya mishale, ikifanya kazi moja tu ya kumzuia mlinzi asipunguze watu katikati. Kikosi cha pembeni kikianguka, anayefuata ndiye anakuwa wa pembeni, na kilima kinaanza kuliwa kutoka ukingoni.

Ugumu ni amri. Kila zamu kwetu huanza kwa dadu ya amri: ikionyesha 5, una amri tano, na kila amri husogeza kikosi kimoja, au kundi la vikosi vilivyoshikamana vikielekea upande mmoja. Kwa wastani utapata tatu na nusu kwa zamu. Papa hazihitaji amri zake, yeye hakai popote ila pale alipo, kwa hiyo akipata 1 hacheki wala halii. Mimi nikipata 1 wakati jeshi langu limetawanyika katika makundi sita, makundi matano yanabaki yamesimama na shambulio linafika vipande vipande. Ndiyo maana jeshi la kushambulia hupangwa katika makundi mawili au matatu tu, yanayoanza karibu na mahali yanapokwenda, na anayegundua hilo kwenye zamu ya tatu amechelewa, maana makundi hupangwa kabla dadu ya kwanza haijatupwa. Wachezaji wetu wengi vijana hutumia muda mrefu kupaka rangi bendera na dakika chache kupanga, nami siwalaumu sana, bendera zao ni nzuri.

Kisha kuna kuchanganya silaha. Huko Waterloo, nchini Ubelgiji, tarehe 18 Juni 1815, Wellington, jemadari wa Waingereza, aliwaficha sehemu kubwa ya askari wake nyuma ya mgongo wa kilima, mahali ambapo mizinga ya Wafaransa haikuweza kuwaona, na akaweka watu katika majengo yaliyo mbele ya mstari wake, yaani Hougoumont na La Haye Sainte. Alasiri Marshali Ney wa Ufaransa aliwaongoza wapanda farasi kwa maelfu kupanda mteremko, tena na tena, na askari wa miguu wakajipanga katika miraba, singe zikitazama pande zote nne, na hakuna mraba hata mmoja uliovunjika. Farasi peke yake ni nadra kuuvunja mraba. Lakini mraba nao ni mkusanyiko mzito wa watu usioweza kutawanyika wakati farasi wako karibu, na mizinga ikisogezwa karibu wakati huohuo, kila risasi hupata watu. Ney hakupeleka mizinga ya kutosha wala askari wa miguu pamoja na farasi wake. La Haye Sainte yenyewe iliangukia mikononi mwa Wafaransa jioni, baada ya walinzi wake kuishiwa na risasi, na ni baada ya hapo tu ndipo katikati ya mstari wa Wellington ilipoanza kutetemeka kweli. Mezani pia, anayetuma farasi zamu ya pili, mishale zamu ya tano na miguu zamu ya nane, amempa mlinzi mitihani mitatu mepesi badala ya mmoja mgumu.

Wapiga mishale wanastahili neno lao. Mlinzi anayepigwa mishale kutoka mbali bila kuweza kujibu hulazimika kuchagua kati ya kuvumilia hasara ndogondogo na kushuka kuwafukuza, na kila chaguo lina bei yake. Huko Hastings, waandishi wa zama zile wanasimulia kwamba sehemu ya jeshi la Harold iliteremka kuwafuata Wabretoni, washirika wa William, waliokuwa wakikimbia upande wa kushoto wa William, ikazungukwa bondeni na kuuawa, na kwamba baadaye Wanormani walikimbia kwa hila ili wafuatwe tena. Papa anaijua habari hiyo kuliko mimi, kwa hiyo hafuati. Ila mishale inapomtoa kikosi kimoja katikati ya safu, lazima azibe pengo, na kuziba pengo kunatumia amri, nazo akiba yake ya nyuma inapungua. Huo ndio wakati wa kwenda pembeni.

Ningependa pia tuache kumfikiria mlinzi kama mtu asiyefanya lolote. Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu mji wa Tanga. Mapema Novemba 1914 Waingereza walileta huko jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken, dhidi ya von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliyekuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, ambao aliwaleta kwa reli kutoka upande wa Moshi. Alijihami pembeni mwa mji, akaacha washambulizi wajichoshe katika mashamba na vichaka ambavyo hawakuwa wamevipeleleza, na walipokuwa wamevurugika akawapiga ubavuni kwa kikosi alichokuwa amekihifadhi. Tarehe 5 Novemba walikuwa wanapanda tena meli zao, wakiacha ufukweni bunduki na risasi kwa wingi. Mlinzi hodari huhesabu uchovu wa mwenziwe na huweka mkono mmoja nyuma kwa ajili ya saa hiyo. Mchezaji wa Harold anayebaki kilimani zamu kumi na kushuka katika zamu ya kumi na moja, pale tu farasi wangu walipopoteza mpangilio, amecheza muda wote, hata zile zamu alizosema hasogei.

Kuna malalamiko mawili katika barua ile ambayo ninayakubali, ingawa mwenyewe ameyachanganya na mengine. La kwanza ni ukingo wa meza. Mchezaji anayeegemeza ubavu wa safu yake kwenye ukingo amejipatia ngome ambayo hakuna jemadari yeyote duniani aliyewahi kuwa nayo, maana ardhi ya kweli haiishii mahali kitambaa kinapoishia. Huyo halindwi na kilima wala na ngao, analindwa na seremala. Tiba yake ipo: turuhusu mshambulizi kuacha vikosi viwili au vitatu nje ya meza tangu mwanzo, akiandika kwenye karatasi iliyofungwa ni upande gani vitatokea, na kuanzia zamu ya tano viingie pale dadu itakapotoa 5 au 6. Mlinzi atakayejua kwamba ukingo unaweza kufunguka ataweka akiba pembeni, na akiweka akiba pembeni safu yake ya mbele itakuwa fupi. La pili ni kupoteza muda. Anayepima sentimita zilezile mara tatu, akijua umeme hukatika na wenye safari ya Ruashi lazima waondoke kabla ya giza, huyo hajihami, anachelewesha, na inatosha kuweka saa mezani na kugawa dakika sawasawa kwa kila upande.

Kwa yaliyobaki, pendekezo langu ni kwamba kila mchezo uandaliwe ukiwa na mwenye haraka, na haraka hiyo itajwe kabla ya kuanza. Kama ni Hastings, tukubaliane zamu 12, ambazo ndizo mchana. Kilima kikiwa bado mikononi mwa Harold giza linapoingia, Harold ameshinda, na William hana wa kumlalamikia. Anayeshambulia apewe jeshi kubwa zaidi, kwa mfano vikosi vitatu kwa kila viwili vya mlinzi, maana majemadari waliopata nafasi ya kuchagua kwa kawaida hawakushambulia kilima kwa idadi sawa. Kisha tufanye kama timu zetu za mpira zinavyofanya katika mashindano ya Afrika, mechi ya nyumbani na ya marudiano: wachezaji wabadilishane pande, aliyekuwa bondeni apande kilimani, na matokeo yajumlishwe. Anayelalamika kwamba kilima kimempa mwenziwe ushindi wa bure atakipata kilima hichohicho baada ya chakula.

Nimeanza pia kuandaa mchezo wa Tabora, ambao naamini utapendwa hapa kwetu kuliko vita vya wafalme wa Ulaya. Mwaka 1916 jeshi la Force Publique, yaani jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, liliuendea mji huo likiwa limegawanyika sehemu mbili, moja ya Molitor ikitoka kaskazini na nyingine ya Olsen ikitoka upande wa Kigoma, na baada ya mapigano makali nje ya mji Wajerumani waliuhama usiku na askari wa Kongo wakaingia tarehe 19 Septemba. Ni mfano mzuri wa mlinzi hodari aliyeondolewa mahali pake kwa kutishwa kutoka pande mbili, na mlinzi wa mchezo huo atakuwa na uamuzi ambao Harold hakuwa nao, yaani kuondoka na jeshi lake likiwa zima na kuhesabiwa alama kwa kila kikosi kilichookolewa. Vijisanamu vya wapagazi, ambao bila wao jeshi lile lisingefika popote, bado vinakosekana, na yeyote mwenye waya na subira anakaribishwa.

Kabla ya kura, ninamwomba msomaji mwenzangu jambo moja. Aje acheze Hastings na Papa kwa mechi mbili, ya kwanza akiwa William mwenye vikosi 18 dhidi ya 12, ya pili akiwa Harold, saa ikiwa mezani. Kitambaa na vilima nitavileta mimi, na Papa amekwisha kukubali.

Msomaji wenu,
Bel-Air, Kampemba, Lubumbashi